Menta wa kozi za mtandaoni kanimyuti, kaniita na bibi

Sijui nianzie wapi maana bado nina hasira. Juzijuzi hapa tumepigwa semina ya kufundishwa kufundisha mtandaoni, siku mbili hotelini Capri Point, hapa Mwanza, halafu wiki kama sita kila mhadhiri na menta wake, yaani wa kumwelekeza, kwenye Zoom. Laki na nusu imetoka mfukoni kwangu, chuo kimechangia chai.

Hotelini palikuwa poa, sato wa mchana alizidi sahani, nisiwe mchoyo wa sifa. Shida ni huyo menta niliyepangiwa. Kikao cha kwanza kabisa nauliza kwa nini wanafunzi wangu wakifungua somo kwenye Moodle, ule mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, inazunguka tu haifunguki, nipo Bwiru umeme umekata natumia bando la simu, sauti inakatikakatika, jamaa mbele ya wahadhiri wenzangu kumi na kitu anasema "bibi unatuchelewesha" akanimyuti. Bibi! Nina miaka 51, mjukuu sina hata wa dawa. Na slaidi aliyokuwa kaifungua muda huohuo imeandikwa mpe mwanafunzi nafasi ya kuuliza, haki ya Mungu nimeipiga picha ninayo.

Nilishaamua kwenda kudai hela yangu. Aliyenizuia ni msaidizi wake, binti mmoja wa Magu, kanipigia kesho yake "mwangaluka mayu", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, akasema chukua simu yako, zima waifai, ingia kwenye kozi yako kama mwanafunzi. Nikaingia. PDF yangu ya MB 64, zile noti za kuskani, hata mimi mwenyewe iligoma kunifungukia, na video ya saa nzima ikala bando lote la siku. Kumbe ndo wanachopitia watoto wa watu! Tukaikata video vipande vya dakika saba saba, noti nikazichapa upya, mwanafunzi wangu mmoja yuko kwao Ukerewe akaandika madam leo imefunguka. Nilifurahi jamani mpaka nikampigia mume wangu kazini.

Hapo nikasema nyota nne. Halafu cheti kinakuja, kimesainiwa na nani? Yuleyule wa bibi, jina la binti halimo popote. Nyota mbili. Haya tatu, na hizo zote ni za binti. Mkienda ombeni mpangiwe yeye, na mbebe bando lenu, waifai ya pale ukumbini imebandikwa tu mlangoni.