King'oleo cha mpini mwekundu: nilinunua nikiwa dada, nikarudisha nikiwa mama

Nianze na kijana wa dukani, maana chuma chenyewe labda ningekisamehe.

Mimi narudishia makochi. Nanunua yaliyochoka, nayavua kitambaa, naweka sponji mpya, nauza. Pembeni nabomoa mapaleti, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo, na kutengeneza mabenchi ya barazani. Kwa hiyo nusu ya kazi yangu ni kung'oa tu: kwenye mapaleti misumari, kwenye makochi pini, zile za waya zenye miguu miwili zinazoshika kitambaa. Miaka yote nimeng'oa kwa nyundo ya makucha, koleo na bisibisi bapa, na makovu ya vidoleni ninayo.

Kabla mvua hazijaanza nikashuka Kariakoo, mitaa ya Gerezani, kutafuta king'oleo cha maana. Duka silitaji. Kijana akanipokea, "Karibu dada'ngu, kaa kwanza," stuli ikaletwa. Akatoa chuma chenye mpini wa mpira mwekundu. Upande mmoja kina kucha pana la misumari, upande wa pili ulimi mwembamba uliopasuka katikati kama wa nyoka, huo wa pini. "Dada'ngu, hii inang'oa hata jino la mamba." Nikacheka. Nikaomba anipunguzie, akasema 18,000 hiyo tayari ni bei ya dada. Nikatoa hela, nikaondoka nimefurahi kama mjinga.

Kesho yake nikaanza na paleti. Anayeyajua mapaleti anajua kwamba misumari yake mingi si ile laini ya kupigilia kenchi. Imesokotwa, au ina pete pete mwilini, makusudi isichomoke, kwa sababu paleti linabeba mzigo mzito na linasukumwa na forklifti kutwa. Ukiuvamia kwa pupa, kichwa kinakatika na mwili unabaki ndani ya mbao. (Na kabla hujabomoa, tazama muhuri ubavuni. HT maana yake mbao ilipashwa moto kuua wadudu. MB ilifukizwa dawa ya methyl bromide. Yenye MB mimi siyagusi, sitaki benchi la namna hiyo watu walikalie na watoto.)

Basi nikafanya kama inavyotakiwa. Nikaligonga kucha hadi likaingia chini ya kichwa cha msumari, nikaweka kipande cha mbao chini ya kisigino cha chuma, nikaegemea taratibu, bila kukurupuka. Msumari ukatulia vile vile. Kucha ndilo likaanza kufunguka, polepole, kama mdomo wa mtu anayepiga miayo. Msumari wa kwanza! Hata jasho lilikuwa halijanitoka.

Hazikupita siku tatu nikakirudisha. Kijana yule yule, na stuli ile ile naiona pale, kaikalia yeye.

"Ndiyo mama, nikusaidie nini?"

Mama! Juzi nilikuwa dada. Nimezeekea kwenye daladala?

Akakishika kwa vidole viwili kama anashika mkia wa panya. "Mama, wewe ulikuwa unang'oa reli?" Wenzake wakaangua kicheko. Nikamwonyesha boksi lenye picha ya msumari mkubwa kuliko kidole changu. Akasema picha ni picha tu, hiki ni cha pini. Nikamkumbusha jino la mamba. Akaniuliza risiti. Hapo nakiri, sikudai risiti ya EFD, na ni kosa langu, hata mtoto wa darasa la tatu anajua ukinunua udai risiti. Akanyoosha kidole ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Sijamaliza hata kusoma, akaingia mteja mwingine, na kijana akaruka kwenye stuli, "Karibu dada'ngu, kaa kwanza." Yule dada, Mungu anisamehe, ananizidi miaka si chini ya kumi.

Nilitoka pale natetemeka. Nikapitia kwa mzee mmoja anayefua vyuma, nikitaka alipashe moto lile kucha alizamishe kwenye oili likomae. Hakuwasha hata mkaa. Alichukua tupa, akapitisha mara mbili pembeni mwa kucha, unga ukamwagika kama anapiga msasa sabuni. "Mwanangu, hiki ni chuma laini. Hata ukikipika mpaka kesho hakikomai." Akanifulia kingine kwa kipande cha springi ya lori. Kibaya kwa sura, hakina mpini wala rangi, na kimenigharimu chini ya nilichompa yule kijana. Mapaleti manne nimeshabomoa nacho, kucha halijasogea.

Ningeishia hapo na kuwaambia msinunue kabisa. Ila nitakuwa sisemi kweli yote.

Kile cha mpini mwekundu nilikuwa nimekitupa kwenye ndoo ya vyuma chakavu. Likaja kochi la watu watatu, pini zimejaa kama mchanga, na bisibisi yangu haionekani. Kwa hasira nikaokota kile kile, nikatumia upande wa ulimi. Jamani. Unateleza chini ya mgongo wa pini, unazungusha kiganja kidogo tu, miguu yote miwili inatoka pamoja. Kwa bisibisi unainua mguu mmoja, wa pili unakatikia kwenye mbao, halafu kile kichongoma kinakuchana kidole au kinatoboa kitambaa kipya cha mteja. Kochi ambalo hunila siku nzima nilikuwa nimeshalivua kabla ya adhana ya alasiri. Nikamsimulia mzee, akasema ajabu iko wapi, pini ni waya tu, chuma laini kinaiweza.

Kwa hiyo yule kijana alisema kweli, ni cha pini. Inaniuma kuandika hivyo. Lakini kwa nini hakuniambia nikiwa dada?

Wa makochi, nunueni, ni chombo. Wa mapaleti, tafuteni mfua vyuma na springi ya gari. Nilikuwa nimeshaamua kukipa nyota tatu, nikaenda kukitoa kwenye ndoo nipime upana wa ulimi niwaandikie hapa, mpira mwekundu ukachomoka ukabaki mkononi. Nyota mbili. Cha pili nitakitafuta duka jingine, ingawa la yule kijana liko karibu na ninaposhukia, na najua nikiingia na hela nitakuwa dada tena.