Ofisi ya mwenyekiti wa mtaa: huduma ya karibu, ila nenda umejipanga

Kwa kupata barua ya utambulisho mijini Tanzania, ofisi ya serikali ya mtaa bado ndiyo huduma ya karibu kuliko zote. Nenda asubuhi, na picha ndogo (pasipoti saizi) mbili, jina la mwenye nyumba na la balozi wako wa nyumba kumi. Mgeni mtaani aende na mwenye nyumba mwenyewe, maana mwenyekiti hawezi kumthibitisha mtu asiyemjua. Mara nyingi watu hurudishwa kwa hilo.

Kabla hujaondoka, soma barua pale pale mezani. Majina yafanane na ya kitambulisho herufi kwa herufi, picha igongwe mhuri nusu juu ya picha nusu juu ya karatasi, tarehe iwepo. Mhuri ukikosekana pichani, benki watakurudisha.

Wengi huwachanganya viongozi wawili. Mwenyekiti amechaguliwa na wakazi kwa miaka 5 (uchaguzi wa mwisho ulikuwa Novemba 27, 2024); anaongoza mikutano, ulinzi na usuluhishi. Mtendaji wa mtaa ni mwajiriwa wa halmashauri, ndiye mwenye mafaili. Mmoja akikosekana, kazi hulala, na hapo ndipo huduma hii inapoudhi.

Ukiombwa hela ya barua, omba risiti ya serikali yenye namba ya malipo. Na kiwanja usinunue kwa mhuri wa mtaa pekee: mwenyekiti anamjua muuzaji, ila mkataba mpelekee wakili.