Uzoefu wangu na mkataba wa umeme uliouzwa mlangoni: ahadi za wakala zinambana nani?

Umeme wenyewe sina neno nao. Haukatiki ovyo, mita inasomwa sawasawa, bili inafika kwa wakati: nyota nne. Nyota mbili ni za namna kampuni inavyomjibu mteja anayelalamikia maneno ya wakala aliyemuuzia mkataba. Jibu la kwanza huwa, "Huyo si mwajiriwa wetu, ni mkandarasi." Wateja wengi hukata tamaa hapo, na ndiyo maana naandika.

Kuna mambo mawili ambayo kampuni hupenda kuyachanganya. La kwanza ni madhara: fundi wa kandarasi katoboa paa wakati wa kufunga paneli na sasa linavuja. Hapo hoja ya mkandarasi ina uzito. Mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikataa kuibebesha benki ya Barclays makosa ya daktari aliyewapima waombaji wake wa kazi, kwa kuwa daktari huyo aliendesha shughuli zake mwenyewe. La pili ni maneno yaliyokufanya utie saini: bei kwa uniti, muda wa mkataba, kwamba hakuna faini ya kujitoa. Hapa suala la nani analipa mshahara halina nguvu kubwa. Kinachoulizwa ni kama kampuni ilimtuma wakala azungumze kwa niaba yake, au ilimwacha aonekane ametumwa. Beji yenye nembo yake, fomu zake, programu yake kwenye simu ya wakala, kisha kuupokea mkataba na kuanza kutoza: vyote hivyo vinajenga mamlaka ambayo mteja ana haki ya kuyaamini.

Wala haitoshi kusema wakala alidanganya kwa faida yake mwenyewe. Hoja hiyo ilikataliwa tangu 1912 na House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, katika kesi ya Lloyd dhidi ya Grace, Smith: karani wa ofisi ya mawakili alimtapeli mteja mjane mali yake, ofisi haikupata kitu, na bado ofisi ndiyo iliyowajibika, maana ndiyo iliyomweka karani huyo mbele ya wateja. Kwa wauzaji wa nishati mfano wa karibu ni Australia. Mwaka 2013 Mahakama ya Shirikisho iliziamuru kampuni mbili za AGL, muuza nishati wa huko, zilipe dola za nchi hiyo milioni 1.555 kwa mauzo haramu ya mlangoni, na CPM, iliyowatuma wauzaji wale kwa niaba yao, ikalipa 200,000. Angalia mgawanyo huo: mkandarasi aliadhibiwa, lakini aliyenufaika na mikataba hakuponea mgongoni mwake.

Upungufu mkubwa wa huduma hii uko kwenye ushahidi. Wakala hulipwa kamisheni kwa kila mkataba unaopita, kwa hiyo maneno matamu hubaki mdomoni na karatasi hubaki na masharti makavu. Ndani yake mara nyingi kuna kifungu kinachosema makubaliano yote ni yale yaliyoandikwa tu. Kifungu hicho kwa kawaida hakisafishi udanganyifu, ila kinakufanya uhangaike kuuthibitisha. Mwambie wakala aandike ahadi yake kwenye nakala yako na aweke saini pembeni. Akikataa, umeshapata jibu. Piga picha ya beji, na uandike jina, namba yake, saa na jina la kampuni iliyomtuma, ambalo mara nyingi limefichwa kwa maandishi madogo chini ya risiti. Bili yako ya zamani usimpe mkononi: namba ya mita na ya akaunti zikishaingia kwenye fomu yake, unaweza kuhamishwa kwa muuzaji mwingine bila ridhaa yako.

Halafu kuna ile simu ya uthibitisho. Wakala anasimama kando yako akikwambia ujibu "ndiyo" kila mahali, na rekodi hiyo ndiyo itakayotolewa baadaye kuonyesha kwamba ulielewa. Iombe mapema, kwa maandishi, kabla haijafutwa. Katika Umoja wa Ulaya sheria ya data binafsi inakupa haki ya kupata nakala, na kwa kawaida kampuni ina mwezi mmoja wa kukujibu. Isikilize yote. Mara nyingi inasaidia upande wa mteja, kwa kuwa sauti ya wakala akikuelekeza inasikika nyuma.

Muda wa kujitoa uhesabu siku hiyo hiyo. Kwa mikataba ya mlangoni ni siku 14 katika Umoja wa Ulaya na siku 10 za kazi Australia. Ndani ya muda huo huna haja ya kuthibitisha uongo wowote, kwa hiyo tuma notisi kwanza, ugomvi baadaye. Itume kwa kampuni yenyewe, kwa njia inayoacha kumbukumbu. Kumwambia wakala kwa simu ni kama hukusema.

Fedha ndizo zinazowaumiza wengi. Ukilipa kwenye akaunti ya kampuni, kampuni imepokea. Ukiweka kwenye namba ya simu ya wakala wakati mkataba unataja njia moja tu ya malipo, hoja yako inadhoofika sana, hata kama alivaa fulana ya kampuni. Inapona pale tu unapoonyesha kwamba kampuni ilizoea kupokea kwa njia hiyo: risiti zake, au salio lililowahi kubadilika baada ya malipo ya namna hiyo.

Barua ya malalamiko iandikie kampuni, na iulize bila kuzunguka: mnakubali kwamba mtu huyu aliuza kwa jina lenu? Mkataba alioupata mmeupokea? Kama mmeupokea, kwa msingi gani mnachukua fedha za mkataba huo na kukataa ahadi za wakala? Swali hili la mwisho ndilo gumu kwao, kwa sababu anayeshika faida akijua ilivyopatikana anakuwa ameridhia. Hatari hiyo hiyo iko upande wako. Ukiendelea kulipa kimya baada ya kugundua uongo, utaambiwa uliukubali mkataba. Kama unaogopa kukatiwa, lipa na uandike kila mara kwamba unalipa huku ukipinga.

Kampuni isipojibu, nenda kwa mdhibiti au msuluhishi wa nishati. Uingereza mlango huo hufunguka baada ya wiki nane bila suluhu, au mapema kampuni ikikupa barua ya msimamo wa mwisho. Wadhibiti hawana subira na kisingizio cha mkandarasi. Februari 2023, gazeti la The Times lilipofichua jinsi mawakala wa kampuni ya kandarasi Arvato, waliofanya kazi kwa muuza nishati British Gas, walivyoingia kwa nguvu nyumba za watu dhaifu kufunga mita za malipo ya kabla, Ofgem, mdhibiti wa nishati wa nchi hiyo, iliibana British Gas yenyewe, na ikazitaka kampuni nyingine nazo zisimamishe ufungaji wa aina hiyo.

Mkataba wa namna hii naupendekeza kwa sharti moja: ununue moja kwa moja kwa kampuni, kwenye tovuti au ofisini kwake. Bei mara nyingi ni ile ile.