Programa ya CH341A: yenyewe safi, kibanio chake mh!

Hii programa ni kidude cha kuchomeka USB ya kompyuta, kinasoma na kuandika memori ya bodi, ile chipu inobeba programu ya TV; kibanio ndo kinashika miguu ya memori bila kuing'oa. Nimeinunua Darajani, 25,000 pamoja na kibanio. Mie si fundi wa kulipwa, napenda tu kuchokoachokoa mabodi baada ya isha, na TV ya bi mkubwa ilokuwa ikiwaka inaganda kwenye logo ndo ilonitia tamaa.

Kabla hujaichomeka popote ipime kwa mita. Hizi nyeusi zinalisha memori volti 3.3 sawa, ila nyaya za data zinatoka na volti 5, na W25Q64, memori ya hii TV, mwisho wake 3.6, nyengine hustahamili lakini mie sithubutu. Nikaunyanyua mguu wa 28 wa chipu ya CH341A iliyo kwenye programa yenyewe nikaupeleka kwenye 3.3 pamoja na mguu wa 9, yakesha. Memori za 1.8 zina adapta yake mbali.

Kibanio sasa, yarabi! Unakibana, unashusha pumzi, kinafyatuka. Kusoma mara ya kwanza nikapata FF tupu, yaani hamna kitu, mwanzo mpaka mwisho nikajua memori ishakufa, kumbe miguu imeota kutu ya kijani, sie wa Funguni chumvi ya bahari inakula kila kitu, nikasugua kwa mswaki na spiriti ndo ikajibu EF 40 17, namba yake ya kujitambulisha. Haya, nikasoma mara mbili, faili la MB 8 kila moja, kuangalia md5, ile alama ya kulinganishia mafaili, hazifanani! Ya tatu nayo kivyake. Maana kibanio kinalisha bodi nzima kupitia mguu wa 8, prosesa inaamka nayo inaanza kuisoma memori ile ile, watu wawili wanamsemesha mmoja kwa mpigo utasikia nini hapo.

Nikaing'oa memori kwa bloa ya hewa moto nikaisolda kwenye ile bodi ndogo inayokuja ndani ya paketi. Dakika mbili hivi, nikasoma mara tatu, md5 moja. Hapo ndo nikaipenda. Programa naipa nne kwa tano, kibanio sifuri, na ukipata muuzaji anokuuzia bila hicho kibanio mshike.

Faili zima la memori ya TV nikapewa na jamaa, modeli ile ile lakini kumbe kioo chake aina nyengine. Nikaliandika, nikarudisha memori, logo ikapita. Bi mkubwa katazama tamthilia yake kidogo, kisha ananambia, "We mwanangu, mbona wanatembea darini?" Picha imepinduka juu chini. Sasa hivi natafuta menyu ya mafundi ndani ya TV niigeuze.