Steki Gizani: Pa Kumpeleka Mgeni wa Heshima

"Mwanangu, hawa luku imewaishia?"

Hilo ndilo neno la kwanza la Mzee baada ya kuketi. Nilikuwa nimempeleka kula steki kwenye mgahawa wa gharama, kitongojini, mbali kidogo na katikati ya jiji. Jina lake sitalitaja. Mzee alikuwa amefika kutoka Dar es Salaam, tunashirikiana biashara ya kusafirisha mizigo kutoka huku Marekani, na usiku ule nilitaka tumalizane kuhusu mkataba mpya. Nikavaa nikapendeza, nikamkabidhi gari yule kijana wa mlangoni anayeegesha kwa malipo. Kuingia ndani, kiza. Mshumaa mmoja mezani, mdogo kama kifuniko cha soda. Mzee akavua miwani, akaivaa tena, akaisogeza menyu kwenye mshumaa mpaka nikaogopa itashika moto. Mwisho nikamsomea mimi kwa tochi ya simu, kama nasoma barua ya posa.

Aliagiza nyama iliyoiva kabisa. Ilipofika, mhudumu akatuomba tukate katikati tuangalie kama imeiva tulivyotaka. Tuangalie kwa macho ya paka? Mzee akakata, akainama, akasema kwa adabu zake, "Naona iko sawa." Tonge la tatu, uma ukasimama njiani. Chini ya nyama palikuwa na dimbwi jekundu. Hakulalamika, na hapo ndipo nilipoumia zaidi. Alifuta mdomo, akaisogeza sahani pembeni, akala viazi. Nilipotoa mkataba akacheka: "Huu tutausoma kesho, penye jua."

Tangu hapo naingia kwenye nyumba za steki kama fundi umeme. Habari za nyama laini, wahudumu wenye tabasamu na maegesho mtazipata kwa wengine. Mimi napanga kwa swali moja: je, mgeni wako ataona anachokula?

Msinicheke. Steki ndicho chakula pekee cha bei mbaya ambacho unapewa kazi ya kukikagua mwenyewe mezani, na ukaguzi wenyewe ni wa rangi. Nyama ikiwa nyuzi 55 za Selsiasi katikati ni nyekundu, kwenye 60 ni ya waridi, ikipita 70 ni kijivu. Wizara ya Kilimo ya Marekani inashauri steki ifike nyuzi 63, kisha ipumzike dakika tatu kabla ya kuliwa. Kati ya hatua moja na nyingine ni nyuzi chache tu, na mshumaa hauwezi kukuonyesha tofauti hiyo. Na kwa kuwa wazee wetu wengi hushtuka, wekeni akilini kwamba ule wekundu wa sahanini si damu. Ni maji ya nyama yaliyochanganyika na myoglobini, protini inayoipa misuli rangi. Lakini huwezi kumpa Mzee somo la biolojia huku ameshika uma.

Namna ya kupima ni hii. Usiende mchana, kwa sababu mchana kila mgahawa una mwanga. Nenda jioni ileile unayotaka kumleta mgeni, maana taa hupunguzwa kadiri usiku unavyoingia. Omba menyu, simama mlangoni, soma mstari mdogo kuliko yote, ule wa chini unaoonya kuhusu nyama isiyoiva. Ukishindwa bila simu, mgeni wako wa miaka 65 atashindwa mara mbili. Picha za kwenye tovuti yao zisikudanganye, zimepigwa na mtu aliyekuja na taa zake. Tazama zilizopigwa na wateja. Kama kila nyama inang'aa mbele ya weusi mtupu, hapo watu wanakula kwa tochi za simu.

Sasa orodha yangu ya nyumba za steki zenye matawi sehemu nyingi huku Marekani, na sitajifanya sina upande.

Namba moja ni Ruth's Chris. Nawapenda, na sababu ni sahani. Nyama inachomwa kwenye tanuri lenye joto la nyuzi 1,800 za Fahrenheit, karibu 980 za Selsiasi, kisha inaletwa kwenye sahani ya nyuzi 500 za Fahrenheit, yaani 260 za kwetu, siagi ikitoa mlio. Mnaona nilipofika? Hata kama taa ni hafifu, mgeni akiona kipande bado kina wekundu anakilaza kwenye sahani, anakigandamiza kwa uma, kinamalizikia kuiva mbele yake. Hakuna kuita mhudumu, hakuna aibu. Sahani hiyohiyo ina ubaya wake: mpenda nyama nyekundu akipiga soga ndefu ataikuta imeiva. Huyo aagize hatua moja chini, au aombe sahani isiyo ya moto. Nampenda pia mwanzilishi wake, Ruth Fertel, mama aliyekuwa akilea watoto wawili peke yake. Mwaka 1965 aliweka nyumba yake rehani akanunua mgahawa wa New Orleans ulioitwa Chris Steak House. Mwaka 1976 ukaungua. Mkataba wa mauzo haukumruhusu kulitumia jina lile kwenye anwani nyingine, basi akatanguliza la kwake. Ndiyo maana jina linatatiza ulimi mpaka leo. Mama aliyejenga jina baada ya moto, mnataka nipende nani?

Namba mbili, The Capital Grille, ulioanza mwaka 1990 mjini Providence, Rhode Island. Steki zao wanazikausha kwa kuziacha zikomae kwenye baridi, na utamu wake unaujua kwenye tonge la kwanza. Kwa mgeni wa biashara ni pazuri: watu wamevaa, hakuna anayepiga kelele. Ila mtindo wao ni mbao za rangi nzito ukutani, na mbao nzito hula mwanga. Piga simu mapema uombe meza iliyo chini ya taa. Usiseme "meza nzuri", kwao nzuri ni ile ya kona yenye kiza. Sema wazi kwamba mgeni ana shida ya kuona, watakusaidia.

Namba tatu nawaweka pamoja Morton's na Fleming's. Morton's, walioanza Chicago mwaka 1978, walikuwa na desturi niliyoipenda: mhudumu analeta mkokoteni wenye nyama mbichi, anakuonyesha kipande kimoja kimoja kabla hujaagiza. Wengine waliona kichekesho. Mimi naona ndiyo haki ya mnunuzi, hata kwa muuza nyama wa mtaani unaonyeshwa sarara kabla haijakatwa. Fleming's nenda kama mgeni wako ni mtu wa mvinyo, wanao wa kutosha kwa glasi.

Fogo de Chão ni ya mtindo wa Kibrazili, ilianza Porto Alegre, Brazili, mwaka 1979, na mwaka 1997 ikafungua tawi la kwanza la Marekani huko Addison, kitongoji cha Dallas. Bei ni moja, wahudumu wanazunguka na mishikaki mirefu kama mikuki, unageuza kijiduara cha mezani upande wa kijani waje, mwekundu wakae mbali. Nyama unaiona ikikatwa mbele yako, kwa hiyo kwenye mtihani wangu inafaulu vizuri sana. Kwa sherehe ya familia, twende. Kwa mkataba, hapana. Kila unapofika kwenye asilimia za faida, mtu anasimama begani mwako na kisu.

Za bei nafuu, LongHorn na Texas Roadhouse, ni za kula na watoto. Texas Roadhouse mkate wao wa moto na siagi ya mdalasini usiuache. Muziki uko juu. Tuendelee.

Wanaokula halali, pigeni simu kabla ya jambo lolote. Nyumba nyingi za steki hazina nyama ya kuchinjwa kihalali, mgeni ataishia samaki, na hata mboga za majani ziulizeni, wanapenda kuzitia nyama ya nguruwe bila kukuuliza.

Na hapa niachieni nitoe la moyoni. Mnadhani mnachagua? Ruth's Chris, kipenzi changu, ilinunuliwa mwaka 2023 na kampuni ya Darden, wenye The Capital Grille na LongHorn pia. Namba moja yangu, namba mbili yangu na ile ya bei nafuu, mfuko ni mmoja. Morton's iko chini ya Landry's, ambao wana pia The Palm na Del Frisco's, nyumba nyingine za steki. Fleming's ni ndugu wa Outback, mgahawa mwingine wa steki, mwenye mali ni mmoja. Unatoka huku umeudhika, unavuka barabara kwenda kwa mshindani, kumbe umehamia chumba cha pili cha nyumba ileile.

Halafu maneno. "Prime" ni daraja la juu la nyama linalotolewa na Wizara ya Kilimo, chini yake ni "Choice", kisha "Select". Lakini "prime rib" ni jina la kipande cha mbavu tu, inaweza kuwa ya daraja lolote. Basi wanaliandika hilo neno kila mahali, mpaka juu ya mlango, wewe unasoma daraja, wao wameandika pambo. Uliza: daraja gani, la Wizara? Anayejua atajibu papo hapo. Anayeanza kukusimulia shamba na ng'ombe waliolelewa kwa mapenzi, hajui au anajua sana.

Viazi! Steki inakuja uchi. Kiazi kimoja cha kuoka bili yake, mchicha bili yake, uyoga bili yake. Maji yenyewe mhudumu anauliza, "Ya kawaida au yenye gesi?" kana kwamba hakuna bomba. Ukijibu "ya kawaida" umenunua chupa, na kwenye meza ya watu sita zitafunguliwa nne kabla hujatanabahi. Sema: ya bombani, yenye barafu. Ukikodi chumba cha faragha, uliza kima cha chini cha matumizi na kama ada ya huduma imeshaingizwa, maana mimi nimewahi kulipa ada ya asilimia 20 kisha kwa ujinga wangu nikaongeza bakshishi juu yake. Mashine iliniuliza, nikaona haya kubonyeza sifuri mbele ya wageni. Mstari wa ada ulikuwepo kwenye risiti tangu mwanzo, kwa herufi ndogo. Sikuuona. Kulikuwa na kiza.

Mzee anarudi mwezi wa saba. Nimeweka nafasi ya saa 11 jioni, muda ambao Wamarekani wenyewe bado wako barabarani, meza ya dirishani upande wa magharibi, na wakati huo wa mwaka jua linazama baada ya saa 2 usiku. Msichana wa kwenye simu aliniuliza kama tunasherehekea tukio maalumu. Nikamwambia ndiyo, tunasoma.