Nabothi kafa mara mbili, Yezebeli hajafa hata mara moja

Mimi sina shida na kutoa hela ya kitabu, naomba hilo lieleweke mapema. Nilinunua riwaya ya maisha ya Yezebeli, 35,000, dukani kabisa hapa Dar, sio vile vya kutandazwa chini barabarani, na hela ya boda nikalipa juu. Jina la kitabu naliacha na jina la duka naliacha sitaki kesi, ila mwenyewe akipita hapa atajijua.

Ni riwaya ya Kiingereza, Yezebeli anasimulia mwenyewe tangu akiwa binti wa Ethbaali mfalme wa Wasidoni mpaka siku ya dirisha. Mwanzo mtamu jamani. Kuna pahala kashaolewa na Ahabu, yuko Samaria milimani huko, anaomba samaki wa kwao analetewa samaki mkavu wa chumvi anaanza kulia, nikasema huyu mwandishi ashawahi kuolewa mbali.

Sasa usiku wa tatu. Ukurasa wa 288. Yehu, jemadari aliyeasi, anakuja na gari lake mbio mbio kama kichaa, Yoramu mtoto wa Yezebeli kashapigwa mshale, mwili umetupwa kwenye shamba la Nabothi, yule aliyeuawa ili Ahabu alichukue shamba lake, mama mtu kapata habari na anamwambia kijakazi lete wanja. Kijakazi mikono inatetemeka, Yezebeli anamnyang'anya kijiti anajipaka mwenyewe jicho la kulia. Nafungua ukurasa. 257! Nikadhani usingizi. Kumbe 257 mpaka 272 zimerudiwa, zile zile za jana yake, Nabothi kasimamishwa mbele ya watu, mashahidi wawili wa uongo, anatolewa nje ya mji, mawe. Halafu inaruka 305 ambapo mbwa washamaliza kazi na Athalia wa nyumba ya Ahabu anapelekewa habari Yerusalemu. Kwa hiyo kwenye kopi yangu Nabothi kapigwa mawe mara mbili na Yezebeli mpaka leo yuko dirishani, kapaka jicho moja.

Nikazipiga picha hizo kurasa nikamtumia muuzaji wasap, kwa heshima zote, habari za usiku kaka, samahani kwa usumbufu. Tiki za bluu. Kimya. Kesho yake mchana ndo naletewa voisi noti ya sekunde nane: "Dada, si Yezebeli huyo? Mwisho wake si upo kwenye Biblia? Kafungue Wafalme." Na nyuma kuna mtu anacheka. Hicho kicheko ndicho kilichonifikisha hapa, hela ningesamehe. Nikamwambia basi nibadilishie, akaandika kikishafunguliwa hakirudi. KITABU. Sasa nitajuaje kina kurasa bila kukifungua, nikinuse?

Na kwa hasira nilikwenda kufungua kweli. 2 Wafalme 9, mstari wa 30 hadi 37, basi. Anatia wanja, anapamba kichwa, anachungulia dirishani, anamwita Yehu Zimri (yule aliyemuua bwana wake akakalia kiti siku 7 tu, yaani huyu mama ana matusi ya kisomi mpaka dakika ya mwisho), matowashi wawili watatu wanamtupa chini, damu ukutani na kwa farasi. Halafu Yehu anaingia ndani anakula, anakunywa, akishashiba ndo anakumbuka aa yule ni binti wa mfalme, kamzikeni. Wanakuta fuvu, miguu na vitanga vya mikono. Mistari minane kaka! Na yote imesimuliwa kutokea chini, walikosimama kina Yehu, mimi 35,000 yangu niliitoa nikasimame ndani na yule mama.

Halafu hilo wanja lina kisa kwangu. Nina miaka 15 niliambiwa mbele ya kwaya nzima nina roho ya Yezebeli, kisa wanja na hereni. Kumbe kwenye maandiko wanja la Yezebeli linatajwa siku hiyo moja tu, mwanawe kauawa na aliyemuua ndo yuko getini. Nani alikuwa anatongozwa hapo?

Nilitaka kutoa nyota 1 ila kosa la duka sio la kitabu kwa hiyo 4. Hapana subirini, 3, tena 3 ya kusitasita, maana kwa kulazimishwa kusoma Nabothi mara mbili ile ya pili ndo nikaona nilivyopigwa. Mwandishi anasema barua zile ziliandikwa na karani na Yezebeli alikuja kujua mtu kashakufa. Wapi! 1 Wafalme 21 ni yeye mwenyewe, kaandika kwa jina la Ahabu, kagonga muhuri wa Ahabu, kawapelekea wazee wa mji. Mume mzima, mfalme, kalala kageuza uso hataki kula eti kanyimwa shamba la mizabibu alifanye bustani ya mboga, na Nabothi wa watu anasema tu huu ni urithi wa baba zangu. Mke anakuja anamwambia amka ule, shamba nitakupa mimi. Hapo ndo yupo Yezebeli! Ukimtolea hapo unabaki na bi harusi anayelilia samaki. Mimi simtetei na wala simpendi, ila aachiwe ubaya wake, kaufanyia kazi.

Juzi rafiki yangu kanipatia mtu Nairobi mwenye kopi nzima, kanipigia picha 289 na kuendelea. Jicho la kushoto alipaka. Akampa kijakazi kijiti, akamwambia pita mlango wa jikoni ukimbie, nikaweka simu chini kidogo. Ikifika kwenye nyota, nirudishe ziwe 4. Ila picha ya 303 kidole gumba kimeziba mistari minne ya chini na ndo hapo hapo matowashi wanamshika, nimemuomba apige tena kasema yuko kazini mpaka jioni.

Muuzaji nilimblok. Halafu jana nimemfungua maana kaposti riwaya ya malkia wa Sheba, nimeshamuuliza bei, nikamwambia safari hii usitume boda, nakuja mwenyewe kuhesabu kurasa.