Kununua vipande vya bodi ya Land Rover ya zamani Arusha na Moshi: kipi kitangulie

Anayefufua Land Rover ya Series hapa Arusha hakosi kuonyeshwa madigadi. Kazi ni kujua kama madigadi hiyo ni ya gari lake. Series II ilianza mwaka 1958, IIA ikafuata mwaka 1961 na Series III mwaka 1971, na kwa mbali zote tatu zinafanana kiasi cha kumchanganya hata muuzaji mwenyewe. Kwa hiyo soma kwanza namba ya chesisi, kisha tazama taa kubwa za mbele zilipokaa: Series II na IIA nyingi zina taa katikati, kwenye shoo, ilhali IIA za mwisho na Series III zina taa kwenye madigadi. Mimi nililipia madigadi ya kushoto mjini Moshi, nzuri, isiyo na ufa, nikaifikisha Arusha na kukuta ina tundu la taa ambalo gari langu halina kazi nalo. Sikuwa nimebeba hata picha.

Nafasi ya kwanza naipa kipande ulicho nacho tayari, hata kama kimebonyea vibaya. Bodi ya magari haya kwa sehemu kubwa ni aloi ya alumini, na alumini iliyogongwa huwa ngumu, ndiyo maana fundi anayeinyoosha ikiwa baridi huishia kuipasua. Fundi mzuri huchukua mche wa sabuni, akapaka sehemu iliyobonyea, akaipasha moto taratibu kwa gesi hadi sabuni igeuke nyeusi, akaacha ipoe, ndipo akaanza kugonga kwa nyundo ya mbao. Nimeona mlango uliokuwa umekunjamana ukirudi kukaa vizuri kwenye fremu yake kwa njia hiyo, na matundu yake ya bolti yakaangukia palepale yalipokuwa.

Cha pili ni kipande halisi kutoka gari bovu la toleo lilelile, kwa maana yapo yaliyolala nyuma ya gereji na kwenye mashamba. Nenda na sumaku. Ikinasa kwenye madigadi, mtu ameweka bati la chuma. Ikinasa kwenye fremu ya mlango au kwenye ukuta unaotenganisha injini na dereva, usishtuke, kwa kuwa hivyo ni vya chuma tangu kiwandani, na ndivyo vya kukaguliwa kutu, hasa gari likiwa limeishi Tanga au Dar es Salaam kwenye hewa ya chumvi. Sumaku haitakuonyesha puti juu ya alumini, kwa hiyo pitisha mkono upande wa ndani na usikilize mlio unapogonga kwa kidole.

Kwa vipande bapa, kama sakafu, ninamweka fundi wa hapahapa katika nafasi ya tatu, mradi akate alumini yenye unene uleule. Kwa vipande vyenye mikunjo nafasi hiyo huchukuliwa na vipya vinavyoagizwa kutoka Uingereza, ambavyo vina umbo sahihi lakini mara nyingine hudai kuchongwa matundu upya. Jumlisha usafiri na ushuru kabla hujakubali bei, kwa sababu madigadi ni nyepesi lakini hujaza sanduku kubwa.

Mwisho kabisa ni madigadi ya kulazimishiwa ya Defender, Land Rover iliyokuja baada ya Series, kwani mbele yake ina umbo jingine, na bati la chuma lililopigwa riveti juu ya alumini. Maji yakiingia kati ya metali hizo mbili, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe, nawe utanunua kipande hichohicho mara ya pili.

Popote utakaponunua, omba ruhusa ya kukijaribisha kipande kwenye gari kabla ya rangi, kwa bolti zisizokazwa, na cha zamani usikiuze kwa wa chuma chakavu hadi kipya kikae.